Uchovu Usioisha kwa Kulala: Mwongozo Kamili wa Kujinasua Baada ya Msongo wa Muda Mrefu

Umechukua likizo. Simu ya kazi umeizima, umelala hadi saa nne asubuhi siku kadhaa mfululizo, na wiki ya pili ukaanza hata kucheka. Jumatatu umerudi kazini. Kufikia Jumatano uchovu umeshakukaa mabegani kana kwamba hukuondoka. Hapo ndipo wengi huanza kujilaumu: labda ni uvivu, labda ni umri, labda sina shukrani.

Si uvivu. Uchovu wa namna hii, ambao kwa Kiingereza huitwa burnout, hujengwa na mambo yanayojirudia kila siku kwa miezi au miaka, na likizo haiyagusi mambo hayo. Watafiti waliofuatilia wafanyakazi kabla na baada ya likizo wamekuta kwamba mara nyingi nafuu waliyoipata hufifia ndani ya wiki chache tangu warudi. Kupumzika bila kubadilisha kinachochosha ni kutia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mpangilio wa hatua nao una maana yake. Watu wengi waliochoka kiasi hiki huanza na uamuzi mkubwa, kama kuacha kazi au kuhama mji, huku wakiwa hawajalala vizuri kwa miezi sita. Mimi nashauri kinyume: kwanza hakikisha si ugonjwa mwingine, kisha punguza mzigo haraka hata kama ni kwa viraka, kisha shughulikia usingizi na mwili, na kichwa kikishatulia kidogo ndipo ukikabili chanzo.

Kinachoendelea mwilini

Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal nchini Kanada, alichapisha makala fupi kuhusu panya waliokumbwa na taabu za aina mbalimbali: baridi, majeraha, mazoezi ya kupita kiasi, sumu. Taabu zilitofautiana, lakini miili iliitikia kwa namna moja na kwa awamu tatu. Kwanza kushtuka, kisha kuhimili, na taabu isipokoma, kuishiwa. Sayansi imepiga hatua kubwa tangu hapo, ila ile awamu ya katikati bado inafaa kuitafakari. Mtu anayehimili huonekana mzima. Anafika kazini mapema, anajibu barua pepe usiku, anasifiwa. Hajui kwamba anatumia akiba.

Kwa muda mfupi, msongo ni msaada. Hatari ikitokea, adrenalini humwagika ndani ya sekunde chache, moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu na misuli huwa tayari. Baada ya dakika chache hufuata kortisoli, homoni inayotolewa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kwa amri inayotoka kwenye ubongo. Kortisoli si adui. Kila siku hupanda alfajiri, hufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane. Ndiyo inayokuwezesha kutoka kitandani.

Shida huanza pale mfumo huu unapokosa nafasi ya kuzima. Bosi akiandika saa tatu usiku, mwili hauulizi kama ni simba au ni ujumbe. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, usingizi huwa mwepesi, mafua hayaishi, tumbo husumbua, shinikizo la damu linaweza kupanda, na kumbukumbu hupungua. Kusahau jina la mtu unayefanya naye kazi kila siku, au kusoma aya moja mara nne bila kuelewa, ni malalamiko ya kawaida kabisa kwa watu wa hali hii. Hujaanza kuchanganyikiwa.

Hapa kuna jambo moja la kuepuka. Mtandaoni utakutana na watu wanaokuambia kwamba tezi zako za juu ya figo "zimechoka", kisha wanakuuzia vidonge vya kuziamsha. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Ugonjwa halisi wa tezi hizo kushindwa kufanya kazi upo, ila ni adimu, una vipimo vyake, na hutibiwa na daktari. Weka pesa yako.

Je, ndio huu?

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika juu ya alichokiona kwa wenzake na kwake mwenyewe: watu waliojitoa kwa moyo wote kusaidia wengine, wakaishia kukauka. Baadaye wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson walitengeneza dodoso la kupima hali hiyo, likachapishwa mwaka 1981, na mpaka leo mambo matatu waliyoyapima ndiyo msingi wa kuielewa.

La kwanza ni kuishiwa nguvu, na hili kila mtu hulitambua. La tatu ni kujiona hufai, kwamba chochote ufanyacho hakileti tofauti. La pili, la katikati, ndilo linalowatia watu aibu kiasi kwamba hawalisemi: kupoa kwa moyo. Muuguzi aliyekuwa akimjua mgonjwa kwa jina, na jina la mtoto wake, sasa anasema "yule wa kitanda cha tatu". Mwalimu anaona mkono umenyooshwa darasani, na moyoni anajibu, "Huyu naye anataka nini?" Mtu wa huduma kwa wateja anasikia mtu analia kwenye simu, naye anatazama saa. Wenyewe hudhani wamekuwa watu wabaya. Ninavyoona mimi, ni akili inayojikinga: haina tena cha kutoa, kwa hiyo inafunga mlango. Ukiona kejeli imezidi huruma kwa mtu ambaye zamani hakuwa hivyo, usianze kumhubiria maadili. Muulize analala saa ngapi.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaielezea hali hii kuwa tokeo la msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Halikuiweka katika kundi la magonjwa. Imewekwa miongoni mwa mambo yanayoathiri afya. Maana yake kwako ni hii: kazi yenyewe ni sehemu ya maelezo, kwa hiyo haitoshi kukutibu wewe peke yako na kuiacha kazi ilivyo. Kwa mujibu wa shirika hilo neno burnout linahusu ajira tu, lakini anayemuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau, au kulea mtoto mwenye mahitaji maalumu usiku na mchana, ataona dalili hizohizo. Sehemu kubwa ya hatua zifuatazo inamhusu pia.

Hatua ya kwanza: muone daktari kabla ya kujitibu

Uchovu mkali una sababu nyingi zinazofanana usoni. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi iliyolegea, kisukari, upungufu wa vitamini B12, maambukizi yasiyojulikana, na baadhi ya dawa vyote huleta uchovu usioeleweka. Kuna pia tatizo la kukatika pumzi usingizini: mtu anakoroma, pumzi inakatika mara nyingi usiku, anaamka na kichwa kizito akidhani ni kazi. Kama anayelala karibu nawe amewahi kukuambia kwamba unakoroma halafu unanyamaza ghafla, mwambie daktari neno hilohilo. Usiende na maelezo ya jumla kama "nimechoka tu". Andika kabla: umeanza lini, unalala na kuamka saa ngapi, umepungua au kuongezeka uzito, unatumia dawa gani, pombe kiasi gani.

Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha uchovu wa msongo wa kazi. Vipimo ni vya kuondoa mengine.

Sonona nayo lazima iangaliwe. Hali hizi mbili huingiliana, na moja inaweza kuzaa nyingine. Kwa kawaida, mwanzoni uchovu wa kazi hufungwa na kazi: Jumapili jioni tumbo linakaza, lakini Jumamosi ukiwa na marafiki bado unafurahi. Sonona haiachi chumba hata kimoja. Furaha inaondoka kwenye chakula, kwenye muziki, kwa watoto. Mtu anajiona mzigo. Na hali inadumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Ukijiona huko, unahitaji matibabu ya sonona, na yapo yanayosaidia.

Ukianza kuwaza kujidhuru au kwamba afadhali usingekuwepo, acha mwongozo huu hapohapo. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, piga namba ya dharura au nenda hospitali, na usibaki peke yako.

Hatua ya pili: punguza mzigo wiki hii

Hapa hatutafuti suluhisho la kudumu. Tunatafuta nafasi ya kuvuta pumzi.

Chukua karatasi, si simu, na uandike kila jambo linalokutegemea wewe, la kazi na la nyumbani. Kila jambo, hata lile la kumkumbusha ndugu yako bili. Huwa ni orodha ndefu kuliko mtu alivyotarajia, na kuiona tu ikiwa nje ya kichwa kunaleta nafuu kidogo. Kisha pitia mstari kwa mstari na uweke alama moja kati ya tatu: lazima nifanye mimi na wiki hii, anaweza kufanya mwingine au linaweza kungoja, lisipofanyika kabisa hakuna atakayeumia.

Kundi la tatu huwa tupu mwanzoni. Rudia. Ripoti ambayo hujawahi kuulizwa chochote juu yake ni ya kundi la tatu. Kikao unachohudhuria "ili tu nijue kinachoendelea" ni cha kundi la tatu. Kundi la simu ambalo wewe ndiye hujibu wa kwanza kila mara, jaribu kukaa kimya siku mbili uone kama litakufa.

Kundi la pili linahitaji kuomba, na kuomba ndiko kugumu kwa watu wa aina hii. Usiombe kwa kuzungukazunguka. "Wiki mbili hizi sitaweza kumpeleka mama kliniki. Naomba uchukue Jumanne zote mbili" ni sentensi kamili. Ukisema "ukipata nafasi", hiyo nafasi haitapatikana.

Kama daktari amependekeza mapumziko ya ugonjwa na sheria za kazi yako zinayaruhusu, yachukue, na uyachukue kwa makabidhiano ya ukurasa mmoja: nini kinaendelea, nani anajua, nini kisubiri. Mtu aliyeko likizo huku anajibu maswali kwa simu hayuko likizo. Na wapo wasioweza kabisa kuchukua mapumziko, kwa sababu siku isiyofanyiwa kazi hailipwi. Kwao hatua hii huwa ni kupunguza kwa vipande: kukataa zamu ya ziada moja, kula chakula cha mchana ukiwa umekaa na bila simu, kuondoka kwa wakati siku mbili kwa wiki zilizochaguliwa mapema. Ni kidogo, najua. Lakini kidogo kinachofanyika kila wiki kinazidi likizo kubwa ya kusubiri mwaka mzima.

Hatua ya tatu: usingizi kwanza, mengine baadaye

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Anayetoka kwenye msongo mrefu hukumbwa na kituko: amechoka mchana kutwa, lakini akilala macho yanakodoka, au anashtuka saa tisa usiku na orodha ya kazi kichwani.

Anza na saa ya kuamka. Ichague na uishike kila siku, pamoja na mwisho wa wiki, hata kama umelala vibaya. Muda wa kulala huwezi kuulazimisha, wa kuamka unaweza, na baada ya wiki kadhaa mwili huanza kujipanga wenyewe. Ukiamka, toka nje upate mwanga wa asubuhi. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha viishie mchana mapema: kafeini huchukua takribani saa tano kupungua hadi nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado iko nawe saa tatu usiku. Pombe hukufanya usinzie haraka kisha hukuvunjia usingizi nusu ya pili ya usiku.

Kwa mawazo ya usiku, dawa ninayoipenda ni kalamu. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watu walioandika kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika kazi zinazowasubiri walipata usingizi mapema kuliko walioandika kazi walizozimaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa bayana ndivyo walivyolala haraka. Kwa hiyo usiandike "ripoti". Andika "kesho saa tatu: kumwomba mhasibu takwimu za robo ya pili". Akili huacha kushikilia jambo linapokuwa na mahali na saa yake.

Ukishtuka usiku na usingizi ukagoma, usipambane kitandani ukitazama saa. Inuka, kaa pahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha kidogo, rudi ukianza kusinzia. Hali ikidumu zaidi ya miezi mitatu, ipo tiba ya mazungumzo mahususi kwa kukosa usingizi, na ndiyo inayopendekezwa kutangulia vidonge.

Hatua ya nne: toka kazini hata kichwani

Mwanasaikolojia Sabine Sonnentag wa Ujerumani ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyojirudishia nguvu baada ya kazi. Yeye na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitaja mambo manne: kuachana na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza au kumudu jambo lisilohusu kazi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. La kwanza ndilo linalopuuzwa. Unaweza kulala kwenye kochi saa tatu nzima ukitazama tamthilia huku kichwani ukimjibu bosi. Mwili umekaa, mfumo wa msongo bado unafanya kazi.

Weka tendo moja la kufunga siku. Kabla ya kuondoka, au kabla ya kufunga kompyuta kama kazi yako ni ya nyumbani, andika mambo matatu ya kesho, ondoa vitu vya kazi mbele ya macho, badilisha nguo. Zima arifa za programu za kazi baada ya saa fulani. Kama kazi yako inahitaji upatikane, zungumza mpatane: dharura ni simu ya kupigwa, ujumbe husubiri asubuhi. Ukiwapa watu njia halali ya dharura, utashangaa dharura zilivyo chache.

Lile la kujifunza jambo jipya huonekana la ajabu kwa mtu hoi. Hata hivyo, kushona, kupanda mboga, kucheza ala au kujifunza lugha hukurudishia hisia kwamba kuna kitu unakiweza, hisia ileile ambayo uchovu umekunyang'anya. Subiri tu mpaka usingizi uwe umerudi kidogo, na usikigeuze biashara. Wapo wasioweza kuoka keki bila kutafuta wateja.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usianzie hapo. Anza na matembezi ya dakika kumi kila siku, mwendo unaokuruhusu kuongea, na uongeze polepole. Angalizo moja: kama kila ukijishughulisha kidogo unaanguka kitandani siku moja au mbili zinazofuata, usijilazimishe. Hiyo inaweza kuwa hali nyingine, na daktari aambiwe.

Hatua ya tano: tafuta kinachokuchosha hasa

Karibu kila mtu ukimuuliza atajibu "kazi nyingi". Mara nyingine ndivyo. Ila Maslach na mwenzake Michael Leiter wanataja maeneo sita ambapo mtu na kazi yake hukosana: wingi wa mzigo, uwezo wa kuamua, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili. Mtu anaweza kubeba mzigo mkubwa sana kwa miaka kama anaamua mwenyewe jinsi ya kuubeba na anaona unathaminiwa. Na mwingine akachakaa kwenye kazi ya saa sita kwa siku, kwa sababu kila herufi anayoandika inapitishwa na watu watatu.

Mtafiti Robert Karasek alilieleza hilo mwaka 1979: kinachoumiza ni madai makubwa yanapokutana na uhuru mdogo wa kuamua. Mtafiti mwingine, Johannes Siegrist, mwaka 1996, akaongeza upande mwingine, kwamba kujitoa sana na kupata kidogo, iwe pesa, heshima au uhakika wa ajira, huumiza afya. Hawa hawakubuni nadharia za kufurahisha darasa tu. Ukijua eneo lako, unajua cha kuomba.

Kwa wiki mbili, kila jioni andika mistari miwili: jambo lililokuondolea nguvu leo, na jambo lililokuongezea. Usichambue, andika tu. Wiki ya pili ikiisha, soma yote kwa pamoja na kando ya kila mstari weka eneo mojawapo kati ya yale sita. Mtu aliyeamini anazidiwa na kazi anaweza kukuta mistari minane kati ya kumi inahusu haki: mwenzake anachelewa kila siku na hakuna anayemsema, lakini yeye akikosea mara moja anaitwa. Msaidizi mpya hatamtibu huyo. Mwingine atakuta ni maadili, kwamba anauza kitu asichoamini kinawafaa wanunuzi. Huyo ukimpunguzia saa za kazi utamchelewesha tu.

Kwa mfanyakazi hodari, mara nyingi eneo ni mzigo pamoja na haki. Ofisini nako ni mzigo mzito mpe Mnyamwezi: anayemaliza haraka huongezewa, anayezembea huachwa apumzike. Sifa haiondoi kilo hata moja.

Jitazame na wewe pia, ila baada ya kuitazama kazi. Kuna wanaoshindwa kukabidhi kazi kwa sababu hakuna atakayeifanya "vizuri kama mimi", na wanaoamini kwamba thamani yao ni ile waliyoizalisha leo. Kama ni wewe, tafuta mwanasaikolojia au mshauri nasaha anayetumia tiba ya kubadilisha mawazo na tabia. Tabia za aina hii mara nyingi zina mizizi ya miaka, na huwa ngumu kuzing'oa peke yako.

Hatua ya sita: zungumza na aliye juu yako

Omba muda rasmi, usimvizie mlangoni. "Mkuu, naomba dakika ishirini tuangalie mpangilio wa kazi zangu." Nenda na karatasi moja. Usianze na hisia wala lawama, na huhitaji kutoa historia yako ya matibabu kwa mtu asiyehitaji kuijua. Anza na kazi: "Nina kazi tano zinazotakiwa Ijumaa. Nikizifanya zote, mbili zitatoka mbovu. Ipi isubiri?" Swali hilo linamrudishia uamuzi anayelipwa kuamua. Kama atasema zote ni muhimu, usibishane. Uliza tu ipi ianze. Baadaye mwandikie ujumbe mfupi: "Kama tulivyokubaliana, naanza na hii, ile itakuwa tayari Jumatano." Sasa kuna kumbukumbu.

Omba jambo moja au mawili yanayotokana na daftari lako, na upendekeze muda wa kujaribu. "Tujaribu mwezi mmoja nisihudhurie kikao cha Jumatatu" hukubalika kirahisi kuliko "sihudhurii tena vikao". Kama kiini ni unyanyasaji au upendeleo, huyu huenda ndiye tatizo lenyewe. Hapo nenda idara ya rasilimali watu, chama cha wafanyakazi au mtu wa sheria, ukiwa na tarehe na maandishi.

Kurudi, au kuondoka

Uliyetoka kwa mapumziko ya ugonjwa, usirudi kwa nguvu zote siku ya kwanza. Saa chache kwa siku, au siku chache kwa wiki, kisha kuongeza kila baada ya wiki mbili ikiwa usingizi haujaharibika. Chagua mwanzoni kazi zenye mwisho unaoonekana. Umakini ndio hurudi mwisho, kwa hiyo kazi ya kufikiri sana iweke saa zako bora na uikate vipande vya nusu saa.

Kupona huchukua miezi, na kwa waliokaa muda mrefu sana katika hali hii, hata zaidi ya mwaka. Hakuendi kwa mstari ulionyooka. Utapata wiki nzuri, utajisahau, utachukua kazi tatu mpya, halafu utaanguka siku nne. Hilo si kurudi mwanzo. Linakuonyesha tu kwamba kipimo chako cha sasa kiko chini ya hizo kazi tatu.

Na kuacha kazi? Pale ambapo kuna unyanyasaji au hatari, ondoka mapema uwezavyo, kwa usalama. Nje ya hapo, ningengoja hadi nimelala vizuri kwa wiki kadhaa na nimejaribu kubadilisha angalau jambo moja katika eneo linaloniumiza. Mtu hoi huona njia mbili tu, kuvumilia au kukimbia, na akikimbia bila kujua kilichomchosha anaweza kukikuta kinamngoja kazi mpya. Lakini kama umezungumza, umeandika, umesubiri muda mliokubaliana, na jibu ni "hapa ndivyo tulivyo", basi umepata jibu. Anza kutafuta kwingine ukiwa bado una mshahara.

Mwisho, ukishapata nafuu, andika dalili zako mwenyewe za mwanzo, zile zilizotangulia kabla ya kuanguka. Hazifanani kwa watu wawili: mmoja huacha kupokea simu za dada yake, mwingine huanza kula amesimama, mwingine hukasirishwa na sauti ya watoto wakicheza. Tano zinatosha. Nakala mpe mtu anayeishi nawe au anayekujua vizuri, na umpe ruhusa ya kukuambia, maana yeye ataziona kabla yako na wewe utabisha. Zikitokea mbili ndani ya wiki moja, chukua karatasi urudie hatua ya pili wiki hiyohiyo, mstari kwa mstari.